Kumlinda Msichana si Kumfungia

Jina la Bwera likitajwa katika taarifa ya habari, mara nyingi huwa limetajwa kwa ajili ya msiba. Tarehe 13 Novemba 1996 lilitajwa kwa sababu waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo wakaushambulia mji wa mpakani wa Mpondwe. Mwezi wa Juni 2019 lilitajwa kwa sababu mtoto wa miaka 5, aliyevuka mpaka pamoja na jamaa zake, alionekana kuwa na ugonjwa wa Ebola, akawekwa katika hospitali ya Bwera, na huko akafariki dunia. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 eneo hilo lilitajwa tena ulimwenguni kote, kwa sababu waasi walewale waliingia katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wanafunzi.

Bwera ni mji mdogo katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Mpondwe iko jirani yake, na mto Lubiriha ndio unaoitenga Uganda na Kongo mahali hapo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa pili ni ndugu wa asili moja na lugha moja. Siku za soko huvuka daraja wakibeba maharage, muhogo, samaki wakavu na vitambaa, na Kiswahili husaidia pale lugha za nyumbani zinapokomea. Yaani kabla ya kuwa mahali pa misiba, Bwera ni mahali pa watu wenye kazi zao na watoto wao.

Jioni ya leo nataka kuzungumza juu ya watoto hao, na hasa juu ya watoto wa kike wa Kiislamu, na juu ya shule za sekondari za Kiislamu zinazojitegemea, ambazo wazazi wengi wa Kasese na Bwera wanaziona kuwa ndiyo njia pekee ya kuwaendeleza binti zao.

Hebu tumfikirie msichana mmoja. Hatutampa jina, kwa kuwa walio kama yeye ni wengi. Amemaliza shule ya msingi na amefaulu. Baba yake ana shamba dogo la kahawa juu mlimani. Mama yake huuza sokoni Mpondwe. Jioni moja wazazi hao wanakaa kushauriana. Shule ya sekondari ya kutwa iko mbali, na njia ya kwenda na kurudi si salama kwa mtoto wa kike, hasa giza linapoingia. Shule ya bweni iliyo nzuri ilianzishwa na kanisa, na ijapokuwa milango yake imefunguliwa kwa wote, baba anauliza kama binti yake ataweza kusali sala tano na kuvaa hijabu bila ya kuonekana mgeni. Njia ya tatu ni kubaki nyumbani. Nasi sote tunajua, ndugu wasikilizaji, kwamba msichana wa miaka 14 akibaki nyumbani, haupiti muda mrefu kabla ya kuja mtu kumposa.

Kwa hiyo wazazi hao wanaposikia kwamba iko shule ya sekondari ya wasichana watupu, ya Kiislamu, yenye bweni, wanauza mbuzi na kulipa karo. Je, wamekosea? Wako watu wanaosema kwamba wamekosea. Kabla ya kuwajibu watu hao, yafaa tujiulize kwanza hofu ya mzazi huyo imetoka wapi.

Hofu hiyo ina historia. Uislamu ulifika katika jumba la Kabaka Suna wa Pili, huko Buganda, katika mwaka 1844, zaidi ya miaka 30 kabla ya wamisionari wa Kikristo. Katika sehemu za Kasese zenyewe, Waislamu si wageni wa juzi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga boma huko Katwe, kando ya ziwa la chumvi, na katika maboma ya nchi ya Toro akawaweka askari wa Kisudani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Baadaye wafanya biashara waliifuata chumvi. Na mwaka 1956, reli ilipofika Kasese na machimbo ya shaba ya Kilembe kuanza kazi, wakaja wafanyakazi wa makabila mengi, Waislamu miongoni mwao. Misikiti ikajengwa, na kila palipokuwa na msikiti pakawa na chuo cha Kurani.

Lakini chuo cha Kurani hakikutosha. Enzi za ukoloni, elimu ya kisasa ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Waliifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa, na Uganda inawiwa nao shukrani. Walakini shule zao zilikuwa pia njia ya kuhubiri dini yao. Mzazi wa Kiislamu aliyempeleka mwanawe darasani aliogopa kwamba atarudi na jina jipya. Wengi wakaona heri mtoto akose shule kuliko kukosa dini. Matokeo yake yakawa kwamba Waislamu waliotangulia kuifahamu kalamu katika nchi hiyo wakawa nyuma katika kuingia ofisini.

Kama Mwislamu mwanamume alikuwa nyuma, binti yake alikuwa nyuma zaidi. Shule ya wasichana ya Gayaza ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905. Shule ya wasichana ya Nabisunsa, ambayo ni maarufu kupita zote za Waislamu wa Uganda, ilianzishwa mwaka 1954 kwa juhudi za Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu na Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda. Kati ya miaka hiyo miwili kuna karibu nusu karne. Ni mabibi na mama wangapi waliopita katika nusu karne hiyo bila ya kushika kalamu? Na hata baada ya Nabisunsa kufunguliwa, ilikuwa Kampala, na kutoka Kasese hadi Kampala ni zaidi ya kilometa 300. Kwa mkulima wa Bwera, shule iliyo mbali namna hiyo ni kama hadithi njema ya nchi nyingine.

Baada ya uhuru serikali ilizishika shule nyingi zilizokuwa za madhehebu, na kuzifanya za watoto wote. Mwaka 1997 ikaleta mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 2007 mpango wa sekondari. Mipango hiyo iliwaingiza darasani watoto wengi ambao wazazi wao hawakuwa na kitu. Lakini watoto walipomiminika, madarasa ya serikali hayakutosha, na shule za binafsi zikaota kila mahali. Kwa muda serikali iliingia ubia na baadhi ya shule hizo, ikilipia wanafunzi wake humo, mpaka utaratibu huo uliposimamishwa. Tangu hapo shule nyingi za kujitegemea zinasimama kwa karo za wazazi, na zile za Kiislamu huongezewa na michango ya misikiti, sadaka za wenye uwezo, na misaada ya jumuiya za kheri kutoka nje.

Hii ndiyo maana ya neno kujitegemea katika mazungumzo yetu. Shule ya namna hii haina mshahara wa mwalimu kutoka serikalini. Ina uhuru wa kupanga siku yake izunguke sala, na kuweka Kiarabu na masomo ya dini kando ya hesabu na sayansi. Uhuru huo si jambo la kificho wala la kuvunja sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza kuwepo kwa dini ya taifa, inalinda uhuru wa kuabudu, na inampa kila mtu haki ya kupata elimu. Waislamu, ambao kwa hesabu ya watu ya mwaka 2014 walikuwa karibu watu 14 katika kila watu 100 wa Uganda, wakiamua kuwajengea binti zao shule, wanatumia haki ile ile ambayo wenzao wameitumia kwa zaidi ya miaka 100.

Ndugu wasikilizaji, wako wanaosema kwamba shule ya dini moja huwatenga watoto na wenzao, na kwamba katika eneo lililoguswa na vita hivi, shule ya Kiislamu lazima itazamwe kwa jicho la shaka. Neno hili hatuna budi kulijibu kwa uwazi, maana lisiposemwa hadharani husemwa kwa minong'ono.

Ni kweli kwamba baadhi ya walioanzisha kundi la ADF walitoka katika vikundi vya vijana wa Kiislamu waliofarakana na wakuu wa dini yao na kisha na serikali. Ni kweli pia kwamba kundi hilo hutumia majina ya dini. Lakini katika milima ya Rwenzori vita hivyo havikuchagua nyumba. Waliouawa, waliotekwa, na waliokimbia mashamba yao wakalala kambini walikuwa Wakristo na Waislamu pamoja. Mzazi wa Kiislamu wa Bwera alipata hasara mara mbili: kwanza aliyoipata kila jirani yake, na pili ile ya kutazamwa kama kwamba muuaji ni mjomba wake. Binti yake hakuwa amezaliwa mwaka 1996. Kumdai yeye deni la watu asiowajua ni dhuluma.

Tena tulitazame jambo hili kwa akili. Kijana hudanganyika kwa urahisi anapokuwa hana kazi, hana cheti, na anaijua dini yake kwa kusikia tu kutoka kwa mtu mmoja aliyejipachika ushehe. Mama aliyesoma, anayeweza kuifungua Kurani na kuelewa anachokisoma, na anayeweza pia kusoma gazeti na sheria ya nchi, mwanawe hadanganywi kirahisi. Basi anayetaka amani mpakani na atamani shule za wasichana ziwe nyingi na ziwe nzuri.

Kwa upande mwingine, wako wanaosema kinyume cha hayo. Wao hawana chuki na shule ya Kiislamu, bali wanasema kwamba msichana anatosheka kusoma dini peke yake: ajue sala, ajue twahara, ajue haki za mume, basi. Hesabu na kemia ni za kazi gani kwa mwenye kuolewa?

Watu hawa nawaomba warudi nami Bwera, mwezi ule wa Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka. Ugonjwa ule huambukiza kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa, na maiti ya aliyekufa kwa ugonjwa huo ni ya hatari hata kuliko mgonjwa. Sasa, kwa Mwislamu, kuosha maiti ni wajibu. Na maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake wenzake. Madaktari wanakuja na kusema: msiioshe, msiiguse. Nani atakayekwenda kuzungumza na akina mama waliokaa mkekani kumlilia ndugu yao?

Sheikh peke yake hatoshi, kwa sababu haingii walipo wanawake, na huenda asielewe jinsi ugonjwa unavyoambukiza. Daktari kutoka mji mkuu hatoshi, kwa sababu atasema ugonjwa unavyokwenda, lakini hataweza kuwaambia akina mama kwamba marehemu wao hatakuwa amedhulumiwa mbele ya Mungu. Anayetosha ni muuguzi wa kike, mzaliwa wa pale, anayesema lugha ya pale, aliyesoma baiolojia akaelewa ugonjwa, na aliyesoma fikihi akajua kwamba sheria ya Kiislamu yenyewe imeweka rukhsa pale penye dharura, na kwamba kuhifadhi uhai ni katika makusudio yake makubwa. Mtu kama huyo hatoki katika shule inayofundisha dini peke yake. Wala hatoki kwa urahisi katika shule isiyofundisha dini kabisa. Na kama Bwera haitamsomesha binti yake mwenyewe, itamtoa wapi?

Kwa hiyo cheti cha idadi na cheti cha thanawi ni vyeti vya heshima, na mwenye navyo amesoma. Lakini chuo cha uuguzi na chuo cha ualimu huuliza cheti cha taifa. Shule inayompokea msichana kwa miaka minne, ikamrudisha kwao bila ya cheti cha kidato cha nne kinachotambuliwa na Baraza la Mitihani, imemzuia njiani, hata kama imemhifadhisha Kurani nzima. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 umeurahisisha mpango huu, maana elimu ya dini ya Kiislamu ni mojawapo ya masomo yanayotambuliwa, na Kiswahili, ambacho watoto wa mpakani wamekizoea sokoni, kimewekwa kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Hakuna tena haja ya kumwambia mtoto achague kati ya vitabu viwili.

Isitoshe, juu ya jambo hili Waislamu wa Afrika Mashariki wana mfano wao wa zamani. Serikali ilipofungua shule ya kwanza ya wasichana kule Unguja, mwaka 1927, wazee walisita kwa sababu hizi hizi tunazozisikia leo Kasese. Kurani ikawekwa katika ratiba pamoja na kusoma, kuandika na hesabu, na kidogo kidogo wazazi wakaridhika. Miongoni mwa wasichana wa miaka ile ndimo walimotoka walimu wa kike wa visiwa vile. Na nyuma zaidi, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi ambao mpaka leo haujasahauliwa. Mama huyo alikuwa mcha Mungu, alikuwa mgonjwa, na alikuwa na kalamu mkononi. Hakuna aliyepata kusema kwamba kalamu ile ilimpunguzia dini yake.

Baada ya kuwajibu hao wa pande mbili, sasa nageukia shule zenyewe, maana kumtetea mtu si kumficha makosa yake. Anayesema anajitegemea hana budi kuonyesha anavyojitegemea.

Jambo la kwanza ni usalama wa mabweni. Tarehe 8 Juni 1998 waasi waliingia usiku katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawafungia wanafunzi mabwenini na kuwatia moto. Wanafunzi 80 wakafa. Mwezi wa Aprili 2008, mbali kabisa na vita, bweni la wasichana wadogo liliungua usiku katika shule moja karibu na Kampala, na watoto wakafia ndani. Mwaka 2023 ikawa Lhubiriha: bweni la wavulana likachomwa na waliokuwa ndani wasipate kutoka, na wasichana waliojaribu kukimbia wakakatwa kwa mapanga. Misiba hii mitatu haifanani katika sababu zake. Lakini yote mitatu inatuuliza swali moja: watoto wetu wakilala, wana njia ya kutokea?

Shule ya wasichana ina tabia ya kufunga. Hufunga lango, huweka nondo madirishani, hupiga kufuli mlango wa bweni saa tatu ya usiku, na mzazi akiona kufuli hilo moyo wake hutulia. Nasema, ndugu wasikilizaji, kwamba kufuli lisilo na mtu wa kulifungua kwa haraka halimlindi mtoto, linamngojea. Ukuta na uwepo, mlinzi na awepo, lakini bweni liwe na mlango wa pili unaofunguka kwa ndani, matroni alale palepale, na wasichana wafundishwe mchana watakalolifanya usiku. Na katika maeneo yaliyo karibu na mpaka, ulinzi wa lango la shule si kazi ya mzee mmoja mwenye tochi. Hiyo ni kazi ya dola, na shule ya kujitegemea inastahili ulinzi huo sawa na shule ya serikali, maana damu ya mtoto haina shule ya binafsi.

Jambo la pili ni mwalimu. Msaada kutoka nje hujenga darasa zuri, huchimba kisima, huandika jina la mfadhili juu ya mlango. Lakini mfadhili akiisha kupiga picha huenda zake, na mwalimu wa fizikia anataka mshahara kila mwezi. Shule yenye jengo jipya na isiyokuwa na mwalimu wa hesabu ni kama kisima chenye ukuta kisicho na maji. Ni heri wenye kutoa wakajenga chumba kimoja pungufu, na fedha iliyobaki ikamlipa mwalimu mmoja wa kike wa sayansi, ili wasichana wamwone kwa macho yao na kujua kwamba jambo hilo linawezekana.

Jambo la tatu ni uwazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inazitaka shule za binafsi zipate leseni na kusajiliwa, na zikaguliwe. Baadhi ya wenye shule humwona mkaguzi kama adui. La hasha. Katika eneo ambalo shaka ni nyingi, mkaguzi ni shahidi wa shule. Mlango ukiwa wazi, hesabu za fedha zikiwa zimeandikwa, majirani wasio Waislamu wakialikwa siku ya wazazi, neno la fitina litapata wapi pa kukaa? Na ikiwezekana, binti wa jirani Mkristo akiomba nafasi apewe bila ya kubadilishwa dini yake, ili jambo lile lililowatisha babu zetu katika shule za wengine lisije likatendwa katika zetu.

Kwa serikali nako kuna la kusema. Mkaguzi asije kwa ajili ya kufunga peke yake. Shule yenye upungufu isaidiwe kuusahihisha, ipewe muda, na iwekwe katika hesabu za wilaya wakati wa kugawa vitabu na mafunzo ya walimu. Ukiifunga shule ya wasichana Bwera, wasichana wale hawahamii shule nyingine. Wanahamia jikoni kwao. Tuliyaona hayo shule za Uganda zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kwa sababu ya korona, tangu Machi 2020 hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani. Milango ilipofunguliwa, wasichana wengi hawakurudi: wengine walikuwa na mimba, wengine walikwisha kuolewa, ijapokuwa Katiba imeweka umri wa miaka 18. Na waliorudi wakiwa na watoto wachanga walistahili kupokewa, wala si kufungiwa lango kwa jina la maadili. Dini inayofundisha kwamba mlango wa toba hauna kufuli haiwezi kumwekea kufuli mtoto wa miaka 15.

Na kwa wazazi. Karo ni nzito, na mwaka wa kahawa mbaya huwa mzito zaidi. Fedha zinapopungua, desturi ni kumwondoa binti ili kaka yake aendelee. Nawaomba wazazi wafikiri tena. Wa kike atakayesoma hatapotea kwa watu wengine, kama wasemavyo wazee. Dada aliyesoma ndiye anayewakumbuka wadogo zake. Na mama aliyesoma hamwachi mwanawe bila ya shule. Ukoo uliomwelimisha binti mmoja umeanza kulipa deni la nusu karne niliyoitaja.

Leo njia iliyo mbele ya msichana huyo ni ndefu kuliko ilivyokuwa. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na kina tawi la wanawake watupu huko Kabojja, karibu na Kampala. Makerere na vyuo vingine viko wazi kwake pia. Lakini ngazi hiyo haipandwi kwa kuruka. Kati ya shule ya msingi ya kijijini na lango la chuo kikuu kuna miaka sita ya sekondari, na ni katika miaka hiyo sita ndipo wasichana wa Kasese wanapopotea. Shule hizi za kujitegemea, pamoja na upungufu wake wote, zimewekwa katika pengo hilo hilo.

Ndugu wasikilizaji, neno la kwanza alilopewa Mtume lilikuwa amri ya kusoma, na amri hiyo haikutofautisha kati ya mwana na binti. Basi tukiijenga shule ya wasichana chini ya milima ya Rwenzori, tusiipime kwa urefu wa ukuta wake. Tuipime kwa wale wanaotoka humo: kama wanatoka na dini yao, na cheti chao, na uzima wao. Msichana wetu yule, aliyeuziwa mbuzi, anastahili yote matatu. Kumlinda msichana si kumfungia. Ni kumlea ndani ya ukuta kwa muda, kisha kumfungulia lango siku yake ikifika, aende Bwera hospitalini, aende darasani Kasese, aende popote nchi inapomhitaji, akijua anakotoka na anakokwenda.